Alama za Wekoye Mkononi Mwangu

Julai 8

Jana niliolewa. Naandika tena ili nione inavyokaa kwenye karatasi: mimi, Nelima, jana niliolewa na Wekoye. Leo niliamka kabla yake nikamtazama amelala, mdomo wazi kidogo, nikawaza kwamba Mungu alipoumba midomo alianza na huu, na mingine yote aliifanya akiwa amechoka.

Arusi ilikuwa nzuri isipokuwa jambo moja, nalo lilikuwa zuri kwa namna yake. Mwenye vipaza sauti alichelewa, halafu akamjibu mama kwa jeuri. Kaka yangu Wanyonyi alimpiga kichwa kimoja tu, palepale kwenye nyasi, damu ya pua ikaruka hadi kwenye keki. Tulikata upande ule tukautupa. Wanyonyi akaja kunikumbatia na shati lake lenye madoa, akaniambia, "Siku yako haiharibiwi na mtu, Neli." Nilicheka. Ndivyo alivyo. Nilipokuwa kidato cha pili alimvunja meno mwendesha boda aliyenipigia mluzi sokoni Chwele, na wasichana wa darasa letu walinionea wivu kwa kuwa na kaka wa namna hiyo.

Julai 11

Chumba chetu kiko nyuma ya soko la Kitale. Ni kidogo, na mimi nakiona kikubwa kama ukumbi. Mchana Wekoye anauza mbegu na mbolea kwenye duka la pembejeo. Jioni ananifundisha Kiebrania.

Baba mkwe, Mzee Wakoli, ndiye aliyeanzisha kusanyiko lao la Sabato zamani sana. Husoma maandiko kwa Kiebrania kwanza, ndipo kwa Kiswahili. Herufi zao ni konsonanti tupu. Vokali ni vialama, nukta na vistari, vinavyokaa chini ya herufi au juu yake. Na vokali zenyewe ni hizi zetu: a, e, i, o, u, zinatamkwa vilevile tulivyoziimba darasa la kwanza. Nilifurahi kana kwamba nimekuta jamaa zangu ugenini.

Hanifundishi kwa kalamu. Ananishika mkono, na kifundo cha mkono ndicho herufi. Akigusa chini kwa ncha ya kidole kimoja, nasema i. Vidole viwili kando kwa kando, e. Akikilaza kidole, a. Akipandisha kidole gumba upande wa juu, o. Vitatu vya mshazari ni u. Halafu kuna sheva, nukta mbili, moja juu ya nyingine. Hiyo haina sauti, au ina pumzi tu. Akiniwekea vidole hivyo viwili, nanyamaza, naye ananibusu.

Julai 12

Mvua mchana kutwa. Sheva nyingi.

Julai 20

Sasa naelewa kwa nini mume wangu hutembea akinong'ona. Kitabu anachosomea nyumbani kina alama zote, lakini gombo linalosomwa kwenye sikukuu halina hata moja. Msomaji anazibeba vokali kichwani. Kila sikukuu ya mwaka mpya wao, ambayo safari hii inaangukia mwanzo wa Oktoba, Mzee Wakoli ndiye aliyelisoma. Macho yake yameingia ukungu, na mwaka huu atasoma Wekoye. Amelingoja jambo hili tangu akiwa mtoto anayeketi kwenye mkeka wa mbele. Ananiambia kuna alama moja yenye umbo la nyundo ambayo mara ni a, mara ni o, na ukurasa haukuambii ni ipi. Lazima uwe umeisikia kinywani mwa aliyekutangulia.

Majina ya alama yanaeleza kazi ya mdomo. Pataha, ile ya a, maana yake ni kufungua. Kubutsi ni kukusanya, kwa sababu midomo inakusanyika. Hiriki ni kusaga meno. Nilimwomba asage meno aseme i, akanifanyia uso wa mbwa anayelinda mfupa, tukaanguka kitandani kwa kicheko. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kusomeshwa hivi.

Agosti 3

Njuga za vijana wanaongoja kukatwa zimeanza. Ni mwaka wa tohara kwetu. Hapa Kitale vijana wanapita wachache, lakini Bungoma kumewaka. Juzi huko Kanduyi walimtoa kibarua mmoja kwenye nyumba anayojenga, wakamvua nguo barabarani na kumkagua kama ametahiriwa, kama ng'ombe wa mnada. Alipokimbia walimrushia mawe mpaka akaanguka kwenye mtaro. Wanyonyi alinisimulia kwa simu akicheka. Nilicheka naye kidogo.

Mwanawe wa kwanza anatahiriwa tarehe ishirini na tatu. Anataka tuje wote wawili.

Tatizo ni hili. Wekoye alitahiriwa akiwa na siku nane, kama wavulana wote wa kusanyiko lao. Kwetu mwanamume hukatwa akiwa kijana, alfajiri, amepakwa matope ya mtoni, amesimama mbele ya watu bila kupepesa macho. Aliyekatwa akiwa mchanga hakusimama. Hana rika, na asiye na rika hana mahali pa kuketi wanaume wakila. Nilimsihi akiulizwa aseme alikatwa hospitalini akiwa kijana, ataje mwaka wowote, nani atafuatilia? Alisema agano lililo mwilini mwake si kitu cha kudanganyia. Alisema kwa upole hivi kwamba nikampenda zaidi, na nikaogopa zaidi.

Agosti 9

Ameniletea leso nyekundu. Nimeivaa ndani ya nyumba siku nzima, hata nikiosha masufuria.

Agosti 22

Tumefika Chwele. Njuga, vumbi, pombe ya busaa, fahali amefungwa nyuma ya zizi. Wanyonyi alimkumbatia mume wangu akamwita "mulamwa", kama tunavyowaita mashemeji, akambebea begi mwenyewe. Moyo umetulia. Nimeogopa bure.

Agosti 25

Niko hospitalini Bungoma, kwenye benchi. Wekoye amelala ndani. Acha niandike, mikono ipate kazi.

Juzi alfajiri kijana alisimama vizuri. Matope yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, macho hayakucheza. Kisu kilipopita Wanyonyi alilia machozi ya furaha mbele ya watu, na wanawake tukapiga vigelegele. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama asubuhi ile.

Saa nne hivi wanaume waliketi kwa marika yao kuzunguka mitungi. Ni desturi kila mmoja ataje rika lake na mwaka aliosimama, ndipo apewe mrija. Wekoye alikuwa kando na baba yangu, hata busaa hanywi. Rafiki mmoja wa Wanyonyi akamwita kwa nia njema kabisa: mulamwa, wewe ni rika gani, njoo tukupe kiti.

Wekoye akasimama, akasema yeye alitahiriwa siku ya nane.

Mtu akauliza, "Ati alisimama na nepi?" Uwanja mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka, ilikuwa inachekesha. Wekoye mwenyewe alitabasamu. Wanyonyi peke yake hakucheka. Nilimwona uso wake unabadilika, jinsi unavyobadilika kabla hajapiga. Nilijua anachowaza. Dada yake ameozwa kwa mtu ambaye hakusimama, na watu wamelijua jambo hilo siku ya mwanawe.

"Atasimama leo," akasema. "Matope bado yapo."

"Nimeshakatwa, shemeji," Wekoye akamjibu. "Ukitaka kuniona, twende ndani unione. Lakini sikatwi mara mbili."

"Nani ameongea habari ya kukata? Simama tu, bana. Upakwe, mkataji akuguse damu itoke kidogo, tumalize."

"Hapana."

Wakamrukia. Walimchania shati, wakavuta suruali, mmoja akamshindilia matope machoni na puani. Hakurusha ngumi hata moja. Alishikilia mkanda wake kwa mikono miwili na kujikunja, wao wakawa wanamkanyaga mgongo ili ajikunjue. Mkataji aliitwa. Alimtazama mume wangu pale chini, akafunga kisu chake kwenye kitambaa, akasema yeye hafanyi kazi kwa mtu aliyekwisha kufanyiwa, akaenda zake. Nilidhani imekwisha.

Lakini Wanyonyi alikuwa amesema mbele ya watu, na maneno yake yalikuwa yamedondoka mbele ya watu. Alichukua rungu kwa kijana mmoja mpiga njuga. Wekoye alikuwa ndiyo kwanza anainuka, anapangusa macho, hakuliona likija. Lilimpata upande wa kushoto wa taya. Nilisikia sauti kama ya kuni kavu ikivunjwa gotini.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko na mchi mkononi. Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka kifundo cha mkono wa kaka yangu, ule wenye rungu, na mchi ukitua juu yake, na jinsi mkono ulivyoning'inia ghafla kama wa mwanasesere. Nilimpiga tena begani. Alipiga magoti, nikauinua mchi juu ya kichwa chake, nao ungeshuka kama mama asingeniangukia kwa uzito wake wote. Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Ilikuwa tamu.

Mchuuzi wa mbuzi alitubeba kwa pikapu yake. Wekoye alishikilia taya lake kwa leso yangu nyekundu, na kila shimo la barabarani lilimtoa sauti ambayo haikuwa ya konsonanti wala ya vokali.

Agosti 29

Taya limevunjika mahali pawili. Wamefunga meno ya juu na ya chini kwa waya, na wanasema zitakaa wiki sita. Anakunywa uji kwa mrija kupitia pengo la jino lililong'oka. Leo alijaribu kuniita. Ne ilipita kwa taabu, li ikapita, ma ikakwama kwa sababu a inataka mdomo ufunguke. Amebakiwa na hiriki tu, kusaga meno. Nilitoka nje nikapiga ukuta wa choo mpaka ngozi ya vidole ikatoka.

Septemba 3

Tuko Kitale. Mzee Wakoli alikuja, akapapasa uso wa mwanawe kwa vidole. Kisha akasema mwaka huu gombo litabaki kabatini. Wekoye akaandika kwenye simu yake, akanipa nimsomee baba yake: *Atasoma Nelima. Mimi nitasimama kando niweke alama.*

Niliyasoma maneno hayo kabla ya kuyaelewa. Mzee akauliza kama naweza. Wekoye akashika mkono wangu, akagusa, nikatamka alichogusa, akagusa, nikatamka. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama. Akasema tangu zamani msomaji husimama na mtu wa kumwongoza kwa mkono, na hilo halina ubaya. "Asiyetaka sauti ya mwanamke atoke mapema, kabla mvua haijamkuta njiani."

Septemba 7

Tunasoma kila jioni. Mimi herufi, yeye vokali. Nampenda mpaka nasikia kizunguzungu.

Septemba 12

Sehemu ya kusomwa siku ya sikukuu ni habari ya mzee aliyepata mtoto uzeeni, akamtahiri akiwa na siku nane. Kati ya maandiko yote, ni hii. Wekoye anasema husomwa kila mwaka, tangu kabla hatujazaliwa, hakuna aliyeichagua kwa ajili yetu. Lakini kila nikifika kwenye neno hilo, shmonat, nane, meno yananifunga. Nalitema kama jiwe. Wekoye anatikisa kichwa na kunirudisha nyuma. Nalitema tena.

Usiku naota mchi. Kwenye ndoto mama hafiki kwa wakati.

Septemba 16

Baba yangu ametuma mbuzi wa kuomba msamaha. Nilimfungulia mbuzi huyo lango nikamchapa kwa mpini wa ufagio akatoka mbio mpaka barabarani. Wekoye alikuwa kazini, hajui.

Mchana akaja Rotich, kijana wa kusanyiko letu anayeendesha boda. Alisema wenzake hawalali kwa hasira. Aliuliza, huyu kaka yenu hupita wapi? Nilimwambia. Ijumaa hutoka kwenye kinu chake cha kusaga nafaka, huchukua njia ya mkato nyuma ya mnada wa Chwele, peke yake, jua likielekea kuzama. Nilimweleza mpaka rangi ya koti.

Nilipika ugali na maini jioni, nikaimba.

Septemba 21

Imefanyika. Rotich alikuja mwenyewe leo baada ya ibada, akasimama mlangoni akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Mama, kazi imeisha. Palepale ulipotuelekeza."

Walimpiga kwa mnyororo wa pikipiki. Sikio moja limechanika, mbavu zimevunjika. Mkono nilioupiga mimi ulikuwa bado kwenye plasta, kwa hiyo alijikinga na mmoja. Rotich alituonyesha jinsi alivyojikinga, akacheka.

Wekoye alikuwa nyuma yangu na kikombe cha uji. Kilipasuka ukutani sentimita chache kutoka kichwani mwa Rotich. Sauti iliyopita kwenye zile waya siwezi kuiandika kwa alama yoyote. Rotich akakimbia. Wekoye akaandika kwenye simu, akanigeuzia kioo. *Ulimwelekeza?*

Nikasema ndiyo. Nikasema hata Wanyonyi angeuawa singelia. Nikasema walimkanyaga yeye mgongo, amesahau?

Alinitazama kama mtu anayesoma neno ambalo alikuwa na hakika analijua. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kupangusa uji ukutani, polepole, akinipa mgongo.

Septemba 22

Hakunigusa.

Septemba 24

Anakula. Anaenda kazini. Ananifungulia mlango kwa adabu. Hanigusi.

Septemba 25

Mvua ya mawe. Mahindi yaliyobaki mashambani yamelala.

Septemba 28

Nimekuwa nikimfikiria Wanyonyi akijikinga kwa mkono mmoja. Sikutaka kumfikiria. Nakumbuka yule mwendesha boda aliyenipigia mluzi, alivyokuwa akiokota meno yake kwenye vumbi sokoni, na mimi nikitembea mbele nimeinua kidevu. Nadhani alikuwa na miaka kumi na saba. Nimekuwa nikisema mkono ule ni wa Wanyonyi. Leo nimeutazama wangu nikichambua sukuma wiki. Ni uleule.

Septemba 30

Nilimwambia Wekoye fundo lililokuwa moyoni mwangu limefunguka, kwamba nasikitika. Aliinua macho, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kitabu chake. Mzee Wakoli ametuma neno kwamba usomaji uko palepale.

Sijui tutasomaje kama hataki kunigusa. Niliolewa Julai, na mwisho wa Septemba naomba mume wangu aniguse mkono.

Oktoba 3

Tumerudi. Naandika nikiwa bado na leso kichwani.

Asubuhi, kwenye lango la kusanyiko, alikuwa amesimama Wanyonyi. Kichwa kimefungwa bendeji, mkono kwenye plasta, koti limening'inia bega moja. Nilidhani amekuja kuua. Wekoye akanipita, akamshika mkono mzima, akamfungulia lango. Ndipo nikajua ni yeye aliyemwalika, kwa ujumbe wa simu, bila kuniambia.

Nilibaki nyuma na kaka yangu. Hakunitazama usoni.

"Walikuwa wanataja jina lako, Neli," akasema. "Kila walipopiga. Ati hii ni ya Nelima. Hii pia ni ya Nelima."

Nilikaza leso yangu kichwani.

"Mimi nilitaja la mtoto wangu nilipompiga bwana yako," akasema. "Kichwani mwangu. Nilisema hii ni yake." Akaingia ndani akaketi karibu na mlango, sikio lake zima likielekea mbele.

Gombo lilifunguliwa juu ya meza. Herufi tupu, nyeusi, hakuna nukta hata moja. Wekoye akasimama kushoto kwangu. Watu walitulia. Mkono wangu ulikuwa mezani, kiganja juu, nikauacha pale, na muda wote niliotazama gombo, kidole chake hakikuja. Nilifikiri, basi, ndivyo itakavyokuwa, nitasimama hapa mpaka watu waondoke.

Kisha kidole chake kikalala chini ya kifundo changu. A.

Nikaanza. Sikulia, kwa sababu hapakuwa na nafasi. Kila herufi ilikuja na mguso wake. Mzee Wakoli alitafsiri kila mstari ulipokwisha, naye alikuwa amefumba macho yake ya ukungu. Mahali ambapo kitabuni kuna ile alama ya nyundo, kidole gumba kilipanda juu mapema, nikasema o kwa wakati. Hakuna aliyetoka kabla ya mvua.

Tukafika pale. Mtoto, baba, kisu. Neno lililofuata nilikuwa nimelifanyia mazoezi majuma mengi kama mtu anayenoa. Nilimwona Wanyonyi mlangoni na bendeji yake. Nilimwona mume wangu amejikunja, buti mgongoni. Nilimwona Rotich mstari wa pili, amekunja mikono, anangoja nilitupe. Na nilijua sijui tena nimtupie nani. Kinywa kilikuwa tayari kimejaa.

Vidole viwili vikatua kwenye kifundo changu, kimoja juu ya kingine.

Sheva ni pumzi tu. Unaipita bila kusimama, ndivyo alivyonifundisha. Lakini hakuviondoa. Alivishikilia pale. Watu walikuwa wakisubiri, mtoto wa mtu alikohoa, bati lilianza kupokea matone ya kwanza, na yeye alivishikilia. Nilisikia mapigo yangu yanagonga ncha za vidole vyake, kwanza kwa hasira, kama mchi, halafu polepole, halafu kama mapigo ya mtu tu. Nilinyamaza kama nilivyonyamaza Julai. Kaka yangu aliinua kichwa mlangoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Ndipo kidole gumba cha mume wangu kikapanda juu, taratibu, nami nikalisema neno lile, nane, kama linavyosemwa mtu anapohesabu siku za mtoto wake, nikaendelea kusoma.